Orodha Yenye Kiwiko

Tuliiandika kwenye karatasi ya kaki,
ile ninayokatia mikono ya mashati,
kwa chaki ya bluu, maana kalamu
aliondoka nayo mteja wa Jumanne.
Kwa hiyo orodha yetu ina kwapa, ina kiwiko,
na jina la kitabu cha pili
limepinda pale penye mshono.

Masika yalikuwa yamekwisha. Ngazi za mawe
zilikauka, na mtu aliweza kupanda Mabatini hadi kwangu
bila kushika ukuta wa jirani,
na kitabu kikapita mkono hata mkono
bila kuvimba kama andazi.
Sharti lilikuwa moja:
usilete ulichosikia kikisifiwa,
lete kilichokunyima usingizi.

Nyanjige, mkata tiketi za kivuko cha Kamanga,
alileta riwaya ya mapenzi, bila haya,
kurasa zinanuka dizeli.
Mwalimu Lushinge alileta diwani, akatuonya:
"Msiniulize maana. Hesabuni mizani kwanza."
Bulugu, mlinzi wa usiku kiwanda cha minofu,
alileta habari za mabaharia waliokwama kwenye barafu.
"Nawasoma nimeegemea mlango wa chumba cha baridi,"
alisema, "nawaelewa mpaka kwenye magoti."

Kisha Nyafuru, muuza dagaa,
akatoa kwenye kanga kijitabu cha kufuga kuku,
kile kilichogawiwa bure na bwana mifugo.
Lushinge alicheka. "Hicho si kitabu, mama. Ni maelekezo."
Nyafuru hakumtazama.
"Mlisema kilichokunyima usingizi.
Kuku wangu arobaini walikufa wiki moja."
Cherehani ilinyamaza, na mimi ndiye niliyekuwa naikanyaga.
Tukakiandika. Namba nne, hapo kwenye kiwiko.

Mimi nilileta kile kisicho na jalada,
kurasa kumi na nne za mwanzo hazipo,
kinaanzia katikati ya sentensi:
*na hapo ndipo alipogeuka.*
Nani? Toka wapi? Sijui.
Kila mmoja alinipa mwanzo wake.
Wa Nyanjige una kivuko na mwanamume, bila shaka.
Kwenye orodha nimeandika tu: *Kile Changu.*

Julai, asubuhi moja yenye upepo wa ziwani,
Bulugu alikuja moja kwa moja toka lindoni,
hata *mwangaluka* hakusema,
akafungua kijitabu ukurasa wa kumi na moja, akasoma:
*Kuku mgonjwa hujitenga.
Ukimwona amesimama peke yake na jua linawaka,
usingoje kesho.*

Lushinge alikiomba. Akasoma kimoyomoyo,
vidole vikihesabu mizani pembeni ya goti.
Haikutimia. Akarudia. Akavua miwani.
Tangu Aprili, tangu msiba,
alikuwa akila chakula cha mchana nyuma ya shule,
juu ya lile jiwe lisilo na kivuli.
Tulikuwa tukimwona. Mimi kwa dirisha hili hili
nilikuwa nikimwona, nakata vitambaa.

Sikusikia Nyafuru akisema neno.
Kesho yake tu, saa saba, nilimwona akipanda
na bakuli la michembe kwa karanga,
kanga imefungwa kiunoni kama mtu aendaye kudai deni.
Alikaa naye. Walibishana, nadhani kuhusu kuku.

Sasa ni Septemba, mawingu yanaanza kujaa upande wa Ukerewe.
Vitabu vimerudi, isipokuwa cha Nyanjige,
ambacho kila mtu anaapa hanacho.
Bulugu ameagiza shati la kazi, mikono mirefu.
Karatasi ni hiyo moja, nikailaza juu ya kitambaa,
nikakata kuizunguka, nikaiinua:
chaki ilikuwa imeachia.
Ndani ya mkono wa kushoto, bluu hafifu, kinyumenyume,
barafu, mapenzi, mizani, kuku.

Nimeshona hivyo hivyo.
Atalindia kiwanda amevaa orodha yetu,
na dobi wa kwanza ataifuta.
Sijamwambia.